MACHOZI YA SINEMA SIKU YA MAPUMZIKO



Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya malaria, maji safi, chanjo za watoto na shinikizo la damu. Leo tunaingia sebuleni, mchana wa siku ya mapumziko. Nguo zimeanikwa, watoto wanacheza nje, na mtu mzima ameketi mbele ya televisheni anatazama sinema ya mapenzi. Hadithi inapofika mahali fulani macho yake yanajaa maji. Anajifuta kwa upindo wa kanga, anatupa jicho mlangoni asije mtu akamwona, kisha anaendelea kutazama.

Je, hilo nalo ni jambo la afya? Ndiyo. Kulia ni kazi ya mwili, kama ilivyo kutoka jasho au kupiga chafya, na watu wengi hawaielewi kazi hiyo. Wako wanaosema kwamba machozi hutoa sumu mwilini, hivyo anayelia sana ndiye mwenye afya. Wako pia wanaosema kwamba kumlilia mtu wa kwenye sinema ni dalili ya akili dhaifu. Kauli zote mbili zina kasoro. Na liko swali la tatu ambalo watu huuliza mara chache zaidi, ingawa ndilo lenye uzito: mtu amelia, sinema imekwisha, sasa nini?

MACHOZI YANATOKA WAPI

Juu ya kila jicho, upande wa nje, chini ya mfupa wa nyusi, kuna tezi ndogo yenye umbo la lozi. Hiyo ndiyo tezi ya machozi. Haikai bure hata siku moja. Kila tunapopepesa, jicho hupakwa utando mwembamba wa machozi ulio na maji, ute na mafuta kidogo yatokayo kwenye kingo za kope. Humo mna pia kitu kiitwacho lisozimu, ambacho huua baadhi ya bakteria. Alexander Fleming, yule yule aliyegundua penisilini, ndiye aliyetangaza habari za lisozimu mwaka 1922.

Hayo ni machozi ya kila wakati. Aina ya pili ni machozi ya kuwashwa, ambayo kila mama anayepikia kuni au kukata vitunguu anayajua. Jicho linajiosha tu. Aina ya tatu ni machozi ya hisia: ya msiba, ya furaha, ya hasira, na haya ya sinema.

Kwenye pembe ya ndani ya jicho, karibu na pua, kuna vitundu viwili, kimoja juu na kimoja chini. Machozi hupitia humo yakateremka hadi puani. Ndiyo sababu anayelia hupenga kamasi. Vitundu vikizidiwa, machozi humwagika mashavuni. Basi yule anayesema, “Silii, nina mafua tu,” huenda amesema nusu ya kweli.

Na lile donge la kooni? Mtu anapopatwa na hisia kali, mishipa ya fahamu inayoendesha mwili bila sisi kuiamuru hupanua mlango wa njia ya hewa ili pumzi iingie kwa wingi. Wakati huo huo mtu anajaribu kumeza mate, na kumeza kunataka mlango ule ule ufungwe. Mvutano wa misuli inayotaka kufungua na inayotaka kufunga ndio tunaousikia kama donge. Si ugonjwa, na hulegea wenyewe mtu akivuta pumzi taratibu au akinywa maji kidogo kidogo.

KWA NINI TUNAMLILIA MTU ASIYEKUWAPO

Kila mtazamaji anajua kwamba yule binti hakufa kweli, na kwamba mwigizaji alilipwa akaenda zake nyumbani. Lakini sehemu za ubongo zinazohusika na huruma haziulizi kwanza kama habari ni ya kweli. Zinaona uso wenye uchungu, zinasikia sauti inayotetemeka, nazo zinaitika. Uwezo huo ndio unaomwamsha mama usiku mtoto anapolia, na ndio unaotupeleka msibani kukaa na wafiwa. Hatuna sababu ya kuuonea haya.

Jichunguze uone jambo moja. Mara nyingi mtu halii pale wapendanao wanapotenganishwa. Hapo anakaza meno. Analia pale wanapokutana tena, au pale barua ya marehemu inaposomwa. Wataalamu wengine wanaeleza kwamba mwili hujikaza wakati wa hatari na machozi huja unapopata ruhusa ya kulegea. Wengi wanaikumbuka sinema ya Kihindi Kuch Kuch Hota Hai ya mwaka 1998, ambamo mama anafariki baada ya kujifungua na kumwachia bintiye barua, moja kwa kila siku ya kuzaliwa hadi afikishe miaka 8. Kifo chenyewe kinapita upesi. Zinazoliza watu ni barua.

Kwa mjane, barua hizo si mchezo wa kuigiza. Mtu aliyeshughulika na jeneza, wageni, ada za shule na mirathi, asipate hata saa moja ya kumlilia mwenziwe kwa utulivu, anaweza kushtuka anapolia kwa kwikwi mbele ya sinema ya watu asiowajua. Analia msiba wake mwenyewe. Sinema imemfungulia mlango tu.

SAA MOJA NA NUSU BAADAYE

Sasa tuje kwenye faida. Watu wengi wakiulizwa husema kwamba baada ya kulia walijisikia wepesi. Lakini watafiti walipowapima watu mara tu baada ya kulia, mara nyingi waliwakuta na huzuni zaidi kuliko mwanzo. Nani anasema kweli?

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, walichapisha jaribio lililosaidia kujibu swali hilo. Waliwaonyesha watu 60 sinema mbili. Moja ni La vita è bella, ya Kiitaliano, ya mwaka 1997, ambamo mke anapanda kwa hiari treni ya wafungwa kwa sababu mumewe na mwanawe wamo. Nyingine ni Hachi: A Dog's Tale ya mwaka 2009, ya mbwa anayemngojea bwana wake kituoni. Watu 28 walilia na 32 hawakulia. Wote waliulizwa hali ya mioyo yao kabla ya sinema, mara tu baada yake, baada ya dakika 20, na tena baada ya dakika 90.

Wasiolia hawakubadilika. Waliolia walishuka, walikuwa wanyonge kuliko walivyokuja. Baada ya dakika 20 walirudi pale walipokuwa. Baada ya dakika 90 walikuwa na hali nzuri kuliko kabla ya kuanza kutazama.

Jaribio moja lenye watu 60 halitoshi kutunga sheria. Hata hivyo linapatana na vile mwili unavyofanya kazi. Kilio kinapopanda, moyo huenda mbio na pumzi hukatika katika. Kilio kikishapita, pumzi huwa ndefu, moyo hutulia, misuli hulegea. Kutulia huko kunataka muda.

Hapa ndipo siku ya mapumziko inapokuwa na maana yake. Mfikirie muuguzi aliyetoka kazini saa 1 usiku, akapika, akalaza watoto, kisha akawasha sinema saa 4 usiku. Inakwisha saa 7 usiku, na saa 11 alfajiri anatakiwa kuamka. Amepata machozi, amepata pia ule unyonge wa mwanzo, lakini zile dakika 90 amezikosa, na usingizi amepoteza. Kesho yake atasema sinema za huzuni zinamharibia siku. Sinema ile ile akiianza saa 8 mchana siku yake ya mapumziko itakwisha kabla ya jua kuzama. Bado atakuwa na muda wa kunawa uso, kumwagilia mchicha, kumtembelea jirani, au kukaa tu.

Kuna tabia moja ya siku hizi ambayo mimi naiona mbaya. Simu na televisheni nyingi sinema ikiisha huanzisha nyingine zenyewe. Mtu hajamaliza kujifuta machozi, tayari ameingizwa katika mapenzi ya watu wengine. Zima. Hakuna anayemaliza kula ugali akabandika sufuria nyingine papo hapo.

HABARI YA SUMU

Dai la kwamba machozi hutoa sumu lina asili yake. Miaka ya 1980 mwanzoni, mtaalamu wa kemikali za mwili aitwaye William Frey, wa mji wa St. Paul katika jimbo la Minnesota, Marekani, alikusanya machozi ya watu kwenye vichupa vidogo. Ili kuwaliza aliwaonyesha sinema za huzuni, na siku nyingine aliwaweka karibu na vitunguu. Alikuta kwamba machozi ya sinema yalikuwa na protini nyingi kuliko ya vitunguu. Kutokana na hilo alifikiri kwamba huenda mwili unajisafisha kwa kulia kemikali za dhiki.

Wazo hilo lilisambaa haraka kuliko ushahidi wake. Hebu tulinganishe. Machozi ya sinema nzima hayajazi kijiko cha chakula. Figo zetu huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kila siku. Mwenye kutaka kusafisha mwili wake anywe maji ya kutosha na ayaache machozi yafanye kazi yake nyingine, nayo ni kuwaonyesha wengine kwamba tunahitaji mtu karibu.

Frey alihesabu pia. Wanawake aliowachunguza walilia zaidi kidogo ya mara 5 kwa mwezi, na wanaume zaidi kidogo ya mara 1. Homoni huenda zina sehemu yake, lakini malezi nayo yana yake kubwa. Mvulana wa miaka 6 anayeangusha chozi huambiwa, “Jikaze, mwanamume halii.” Akifikisha miaka 40 amebaki na mahali pachache pa kulilia: makaburini, na mbele ya sinema taa zikiwa zimezimwa. Titanic ilipotoka mwaka 1997 na kanda zake kufika mitaani kwetu, wanaume walioketi kwenye mabenchi ya vibanda vya video walijifanya wameingiwa na vumbi machoni. Vumbi gani hilo la usiku? Waachwe walie.

WAWILI MBELE YA SINEMA MOJA

Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, kilitoa mwaka 2013 matokeo ya utafiti juu ya wenzi 174, wengi wao wapya katika ndoa. Baadhi walifundishwa namna ya kuzungumza na kumaliza ugomvi, wiki kwa wiki, mfano wa semina zetu za ndoa. Kundi jingine halikufundishwa. Lilipewa sinema. Walianza na Two for the Road ya mwaka 1967, inayohusu mume na mke wanaosafiri Ufaransa huku wakikumbuka miaka yao pamoja, mitamu na michungu. Kisha walikwenda nyumbani na orodha ya sinema za aina hiyo, watazame moja kila wiki kwa muda wa mwezi, na baada ya kila sinema wazungumze kwa dakika 45 hivi wakifuata maswali waliyopewa.

Baada ya miaka 3, katika wenzi ambao hawakupewa chochote, asilimia 24 walikuwa wametengana au kuachana. Katika makundi yaliyofundishwa, ilikuwa asilimia 11. Na katika kundi la sinema? Ilikuwa kiasi hicho hicho.

Haifai kuruka na kusema kwamba sinema huzuia talaka. Watu hao walikuwa Wamarekani, walikuwa wapya, na walikubali kwa hiari yao. Lakini angalia vizuri walichofanya. Sinema walitazama kwa saa mbili, nao wakabaki wameketi dakika 45 wakizungumza. Tena maswali hayakuwa “Sinema ilikuwa nzuri?” Yalikuwa ya namna hii: hawa wawili walipokosana, nani alianza kutafuta amani? Waliombana msamaha, au walinyamaziana siku tatu? Walipopatwa na shida ya fedha, walisaidiana au walilaumiana? Na sisi je, mama watoto, tunafanana nao wapi?

Kumzungumzia mume wa kwenye sinema ni rahisi kuliko kumzungumzia mume aliyeketi kando yako. Mtu anaweza kusema, “Yule bwana hakumsikiliza mkewe,” na wote wawili wakaelewa bila mtu kushambuliwa. Faida hiyo huharibika mara moja mmoja akisema, “Umeona wanaume wenzako wanavyowajali wake zao?” Hapo sinema imegeuka fimbo. Kumbuka pia kwamba mwigizaji huyo hana deni dukani, hana mama mkwe mgonjwa, na maneno yake matamu yameandikwa na mtu mwingine.

Niseme wazi: nyumba yenye kipigo haiponywi kwa sinema. Mke anayepigwa, au mume, ahitaji kwanza usalama. Aende kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi.

MACHO, MIGUU NA MOYO

Tunapokodolea kioo, hatupepesi kama kawaida. Badala ya mara 15 hivi kwa dakika, tunaweza kupepesa nusu ya hapo. Macho hukauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20 tazama mbali, nje ya dirisha, kwa muda wa sekunde 20. Mwenye kutazama kwenye simu aiweke mbali kidogo na uso, wala asitazame gizani kabisa. Titanic ina zaidi ya saa 3. Simama katikati, tembea hadi jikoni na kurudi, hasa mjamzito na mtu mwenye kuvimba miguu.

Sinema hupenda kuonyesha mtu anayekufa kwa kuvunjika moyo. Jambo hilo si uzushi mtupu. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa waliouita takotsubo, jina la chungu cha kutegea pweza, kwa sababu moyo wa mgonjwa huvimba kwa umbo la chungu hicho baada ya mshtuko mkubwa kama kufiwa. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na wengi hupona baada ya wiki kadhaa. Lakini dalili zake zinafanana na za shambulio la moyo. Basi mtu akishikwa na maumivu ya kifua au kushindwa kupumua, iwe baada ya habari ya msiba au baada ya sinema, apelekwe hospitali mara moja. Asiambiwe ni huzuni tu.

MACHOZI AMBAYO SI YA SINEMA

Mama aliyejifungua siku chache zilizopita anaweza kulia kwa sababu ndogo kabisa, hata kwa tangazo la sabuni. Homoni zimeshuka ghafla na usingizi hana. Kwa kawaida hali hiyo hupita kabla ya wiki 2. Ikizidi hapo, au ikiwa mama hataki kumgusa mtoto wake, au anasema mawazo ya ajabu, aende kliniki bila kusubiri tarehe ya chanjo.

Mzee aliyepata kiharusi naye anaweza kulia kwa nguvu mbele ya sinema, hata mahali pasipo na huzuni, kisha akacheka ghafla. Nyumba nyingine husema amerudi utotoni, nyingine hutafuta mganga. Ukweli ni kwamba kiharusi kimejeruhi njia za ubongo zinazozuia kilio na kicheko. Moyoni hana huzuni kubwa kiasi hicho, na mara nyingi anaona aibu mno. Daktari aelezwe, kwa maana ziko dawa zinazosaidia.

Na kuna sonona. Watu hudhani mwenye sonona hulia sana kuliko wengine. Si lazima. Wengine hukauka kabisa: wanatazama sinema iliyokuwa ikiwaliza zamani, wala hawasikii kitu. Mtu akiwa mnyonge karibu siku nzima, kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, havutiwi tena na mambo aliyoyapenda, usingizi na hamu ya chakula vimebadilika, anajilaumu au anajiona hana thamani, huyo anahitaji matibabu. Aanzie zahanati au kituo cha afya, na akitakiwa apelekwe hospitali ya wilaya. Mazungumzo na mtaalamu husaidia, na dawa zipo. Akitamka kwamba heri afe, asiachwe peke yake, na dawa za vidonge pamoja na zile za kuulia wadudu shambani zifungiwe mbali naye siku hiyo hiyo.

Je, ufanye nini ukiingia sebuleni ukamkuta mtu wa nyumbani analia mbele ya sinema? Usicheke. Usimwambie anyamaze, wala usiwashe taa kubwa ghafla. Keti. Sinema ikiisha, zima televisheni, mpe maji ya kunywa, na umuulize swali moja tu: “Pale palipokuliza, palikukumbusha nini?” Akijibu kwamba hapakumkumbusha kitu, ila ni nzuri tu, basi mzungumzie sinema. Akianza kumtaja mtu, msikilize mpaka amalize, hata kama chakula cha jioni kitachelewa.